Theluji Yetu Tuikanyage Kabla Haijageuka Hekaya

Swali lililonitoa jasho kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani halikuhusu hesabu wala sarufi. Lilihusu theluji. Miaka michache iliyopita, katika shule moja iliyo pembezoni mwa Kibera, nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili habari za Mlima Kenya: kwamba kilele chake kikuu, Batian, kina kimo cha mita 5,199 juu ya usawa wa bahari, kwamba Nelion hukifuata kwa mita 5,188, na kwamba ijapokuwa mlima huo umekaribiana mno na mstari wa Ikweta, juu yake kuna theluji na barafu. Niliyaandika hayo ubaoni, nao wakayanakili. Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma, mkazi wa Kawangware, akainua mkono na kuuliza: "Mwalimu, wewe mwenyewe umeiona?"

Darasa zima lilinyamaza likanitazama. Nilisema kweli. Nilisema kwamba mlima nimewahi kuuona kwa mbali, alfajiri moja ya Januari, nikiwa juu ya paa la ghorofa moja hapa Nairobi. Niliona kivuli cha samawati na kidoa cheupe kileleni. Lakini theluji yenyewe sikuwahi kuigusa. "Basi Mwalimu," akasema kwa adabu zote, "pengine ni mawe meupe."

Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa maana nilikumbuka kwamba swali hilo si geni. Liliwahi kuulizwa na watu wazima, tena wasomi, waliokuwa wameketi London.

Mnamo tarehe 11 Mei 1848, mmishenari Johannes Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro na kuandika kwamba kileleni pana theluji. Inasimuliwa katika kumbukumbu zake kwamba mmoja wa viongozi wake, asiyekuwa na jina jingine la kukipa kile kitu cheupe, alikiita "baridi" tu. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, mwenzake Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, katika nchi ya Wakamba. Habari hizo zilipofika Ulaya, mwanajiografia William Desborough Cooley alizipinga kwa maneno makali. Theluji kwenye Ikweta? Haiwezekani! Cooley hakuwahi kuitia miguu yake Afrika Mashariki, lakini alikuwa na hakika kuliko wale walioona kwa macho yao. Ikapita miaka mingi. Mwaka wa 1883 Joseph Thomson alipita upande wa Laikipia akauona mlima, na mwaka wa 1887 Teleki akaupanda hadi kwenye mpaka wa theluji. Hapo ubishi ukafa.

Mpenzi msomaji, nilipolitafakari hilo usiku ule chumbani mwangu, niligundua jambo lililonifedhehesha. Msichana yule hakuwa Cooley. Cooley alikataa ushuhuda wa walioona. Yeye alikataa ushuhuda wa mtu asiyeona. Alikuwa na haki. Ni mimi niliyekuwa nimekaa kitini kama Cooley, nikisema kwa hakika jambo nisilolijua. Tofauti ni kwamba Cooley alikana na mimi nilikiri. Lakini sote wawili tulizungumza kwa uvumi. Nikaazimia kwamba wanafunzi wangu wataikanyaga theluji hiyo, nami pamoja nao.

Wapo watakaoniuliza papo hapo: wewe mwalimu, watoto wa Kibera na Kawangware wamekosa karo, wengine hulala na njaa, nawe wataka kuwapeleka kucheza na barafu? Nililisikia swali hilo katika chumba cha walimu, na kwa wazazi pia. Sikulipuuza na silipuuzi leo. Lakini hebu mwenye kuuliza aitoe sarafu yoyote mfukoni mwake. Ataona nembo ya taifa, na chini ya simba wawili na ngao atauona Mlima Kenya wenyewe. Jina la nchi yetu limetokana na jina la mlima huo, ambao Wakamba waliuita Kiinyaa na Wakikuyu Kirinyaga. Mtoto wa Kibera huubeba mlima huo mkononi kila anapotumwa dukani. Mbona basi iwe ni anasa yeye kuukanyaga, ilhali mgeni anayevuka bahari kuja kuukwea haulizwi swali hilo?

Tulichanga kwa miezi mitano. Palikuwa na harambee ndogo, palikuwa na akiba ya shilingi kumi kumi, na palikuwa na mwalimu mwenzangu aliyejitolea mshahara wa wiki. Wakapatikana wanafunzi 11 walioruhusiwa na wazazi wao, na walimu wawili. Kila Jumamosi tulikwenda kutembea kwenye Vilima vya Ngong, vyenye kimo cha mita 2,460, ambavyo huonekana waziwazi kutoka mitaani kwetu. Waama, miguu ya watoto wale haikuhitaji kufunzwa mengi. Mtoto atembeaye kila siku kutoka Kawangware hadi Kibera kupitia Dagoretti Corner, na jioni akarejea kwa miguu, huyo amekwisha kufuzu. Na msichana aliyezoea kupanda mteremko wa Kibera na mtungi wa lita 20 begani hahitaji kuambiwa jinsi ya kubeba mkoba.

Suala la mavazi ndilo lililotufunza jambo la kwanza. Tulikwenda Toi, soko la mitumba lililo ubavuni mwa Kibera. Tulipata majaketi mazito, glavu, soksi za sufu, kofia za kufunika masikio na buti, vyote vimetoka katika nchi za baridi. Mwanafunzi mmoja alilishika jaketi moja lililojaa manyoya ndani akasema: "Mwalimu, nguo hii imekwisha kuona theluji. Sisi ndio bado." Ni kweli tupu. Kwa miaka na mikaka watu wetu wamevaa masalio ya kipupwe cha watu wengine. Kumbe vazi la theluji lilikuwa mlangoni pa Kibera, na theluji yenyewe ilikuwa umbali wa saa chache kwa gari. Kilichokosekana ni mtu wa kuviunganisha viwili hivyo.

Tulisafiri mwanzoni mwa Aprili, kwa kuwa ndipo likizo ya muhula wa kwanza ilipoangukia. Hapa naomba nikiri kosa langu la kwanza. Kila ajuaye mlima ule hushauri kwamba miezi mizuri ya kuukwea ni Januari na Februari, au tangu Julai hadi Septemba, wakati wa kiangazi. Aprili ni masika. Nchi za kaskazini huwa zimeingia majira ya kuchipua, ambapo jua hurejea, theluji ikayeyuka na vijito vikajaa. Ndivyo wasomavyo wanafunzi wetu katika vitabu vya Kiingereza. Kwenye Mlima Kenya mambo huenda kinyume. Masika haiyeyushi theluji, bali huileta. Wingu lilelile linaloigeuza vichochoro vya Kibera kuwa matope, likipanda na kukutana na mlima, hupoa na kumwaga theluji. Kwa kadiri mtu apandavyo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita au zaidi kidogo. Nairobi iko kwenye kimo cha karibu mita 1,700. Basi mwenye kujua hesabu na akadirie mwenyewe baridi iliyopo kwenye mita 5,000.

Tuliondoka Nairobi kabla ya mapambazuko, tukapita Thika, Sagana, Karatina na Naro Moru, tukaingia Nanyuki. Hapo tulisimama kwenye kibao cha Ikweta, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Katika mji huo huo wa Nanyuki ndipo Waingereza walipowafunga mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Niliwasimulia wanafunzi habari za Felice Benuzzi, aliyekuwa akiutazama mlima kupitia seng'enge za kambi, hata mnamo Januari 1943 akatoroka na wenzake wawili. Mmoja aliugua njiani. Benuzzi na yule mwingine wakafika Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wakarudi kambini na kujisalimisha. Kijana mmoja akauliza: "Walirudi jela kwa hiari yao?" Nikamjibu kwamba ndiyo. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba hata yeye angerudi Kibera, lakini kwanza afike.

Lango la Sirimon liko kwenye mita 2,650. Hapo tulikutana na kiongozi wetu, mzee wa makamo aliyezaliwa chini ya mlima, pamoja na msaidizi wake na wapagazi. Tulipita katika msitu wa miti mirefu, tukatoka kwenye vichaka vya nyasi na miti mifupi, na kufikia alasiri tukaingia kambi ya Old Moses, mita 3,300. Mzee alitembea polepole mno, hata vijana wakamcheka kichinichini. Aliwasikia akasema: "Atakayenipita leo, kesho nitambeba."

Siku ya pili mvua ilituandama. Njia ilikuwa tope tupu. Nilianguka mara nne. Wanafunzi wangu hawakuanguka, kwa maana tope la masika ni jirani yao wa tangu utoto. Tulivuka kijito cha Liki Kaskazini na kuingia katika Bonde la Mackinder. Hapo mimea ilibadilika ikawa kama ya ulimwengu mwingine: lobelia zenye mashina marefu kuliko mtu, na miti ya jamii ya seneki yenye vichwa vya majani kama kabichi zilizosimamishwa juu ya nguzo. Mzee alituonyesha jinsi majani ya lobelia yanavyofumba usiku kulihifadhi chipukizi la ndani lisiharibiwe na baridi. Kwenye majabali walikuwapo pimbi, wanene na wasioogopa watu. Nilitambua ya kwamba nimeifundisha sura ya mimea ya milimani kwa miaka tisa bila kujua inanukaje.

Bonde hilo hubeba jina la Halford Mackinder, aliyefika kilele cha Batian mnamo tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel. Nelion ulisubiri hadi 1929, ulipopandwa na Eric Shipton na Percy Wyn-Harris. Haya yamo vitabuni. Yasiyotiliwa mkazo vitabuni ni kwamba Mackinder alikuja na makumi ya wapagazi Waswahili na Wakikuyu waliobeba kila kitu alichokula na kulalia. Vilele vyenyewe alivipa majina ya Kimaasai, ya laiboni Mbatian na jamaa zake Nelieng na Lenana. Na usiku wa uhuru, Desemba 1963, aliyeipandisha bendera ya Kenya juu ya mlima huo alikuwa Mkenya, Kisoi Munyao. Niliwauliza wanafunzi 11 ni nani kati yao aliyewahi kulisikia jina hilo. Walikuwa wawili.

Usiku huo tulilala kambi ya Shipton, kwenye mita 4,200 na zaidi. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, sauti ambayo kila mtoto wa Kibera huijua kuliko sauti ya mamaye. Ghafla kelele ikakoma. Tulidhani mvua imekatika. Mzee alitabasamu gizani akasema: "Haijakatika. Imegeuka." Tukatoka na tochi. Theluji ilikuwa ikianguka kimya kimya, ikiyafunika mawe, ngazi na viatu tulivyoviacha nje.

Msichana wa Kawangware alipiga magoti. Alichota theluji kwa mkono mtupu, akaitazama, akaionja. Nilisubiri aseme neno kubwa. Alisema: "Ni baridi tu, Mwalimu." Hakujua kwamba amelitamka neno lilelile alilolisikia Rebmann mwaka wa 1848. Kisha akalia, na wenzake wakamzunguka wakirushiana theluji na kucheka kama wehu.

Saa tisa za usiku tulianza safari ya Lenana, kilele cha tatu, mita 4,985, ambacho mtu aweza kukifikia kwa miguu bila kamba. Mtu huondoka usiku kwa sababu theluji huwa imeganda na kushika, na kwa sababu mawingu hutanda kabla ya adhuhuri. Tulipanda kwenye mteremko wa changarawe uliofunikwa na theluji mpya. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Kulipopambazuka tulikuwa karibu mita 4,700. Juu yetu kilele kilikuwa kimevaa nguo nyeupe, na kwa dakika chache jua liliigusa theluji ikawa ya waridi. Ndani ya jaketi langu nilikuwa nimekunja kitambaa chenye jina la shule, tayari kwa picha ambayo kwa kweli nilikwisha kuipangia mahali ukutani.

Hapo ndipo kijana mmoja, tena aliyekuwa na mbio kuliko wote kwenye Vilima vya Ngong, aliketi chini. Alisema kichwa kinampasuka. Alitapika. Mzee alimwinua, akachora mstari kwenye theluji kwa fimbo, akamwambia atembee juu yake, kisigino kikigusa kidole. Kijana aliyumba kama mlevi, akatoka nje ya mstari katika hatua ya tatu.

"Tunashuka," Mzee akasema.

"Mzee wangu," nikamwambia, "zimebaki mita mia tatu tu."

"Ni mita mia tatu za kupanda, Mwalimu, na hizo hizo za kushuka na mgonjwa begani. Theluji imeificha njia, na ukungu ule unakuja. Siwezi kuwagawa watoto hawa. Mlima hautahama."

Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba kwa muda wa kama dakika moja nilitafuta maneno ya kumshinda. Niliwaza fedha za harambee. Niliwaza ile picha. Nilijaribu hata kujishawishi kwamba kijana amechoka tu. Dakika hiyo ndiyo aibu yangu kubwa katika kazi ya ualimu. Hewa ya kimo kile ina kani ya nusu tu, au kuzidi nusu kidogo, ya hewa ya pwani. Mwili usiopewa muda wa kuizoea huweza kuvimba ubongo au kujaa maji mapafuni, na kijana mzima akafa katika muda wa saa chache. Dawa yake ya hakika ni moja: kushuka. Nami nilikuwa nimelileta balaa lile kwa mikono yangu. Walio na ujuzi hushauri kwamba, mtu akishapita mita 3,000, asiongeze kimo cha malazi yake kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Mimi niliwatoa watoto mita 3,300 nikawalaza juu ya 4,200, ili kuokoa gharama ya usiku mmoja. Haraka haraka haina baraka: methali hiyo nimeisahihisha katika insha mara elfu.

Tulishuka sote. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na ngoma hiyo tuliicheza, mikono ya kijana ikiwa imewekwa juu ya mabega ya Mzee na msaidizi wake. Wengine walilia kwa hasira. Msichana wa Kawangware hakusema nami hadi tulipofika Nanyuki. Lakini kadiri tulivyoteremka ndivyo uso wa mgonjwa ulivyorudi rangi, na jioni kule Old Moses akauliza kama ugali upo. Sijawahi kusikia swali tamu zaidi.

Msichana huyo alikuwa na siri. Kabla ya kugeuka, alikuwa ameijaza chupa yake theluji, akaifunga vizuri na kuitia ndani kabisa ya mkoba, ampelekee mama yake. Bila shaka alijua itayeyuka. Alikuwa amefaulu mtihani wa sayansi. Hata hivyo alitumaini. Alipofika nyumbani Kawangware akaitoa mbele ya mama na majirani, yalikuwa maji. Majirani walicheka. Mama yake, nimeambiwa, hakucheka; alimimina kidogo katika kikombe akayanywa.

Shule ilipofunguliwa, alisimama mbele ya darasa kuwasimulia wenzake. Kijana mmoja ambaye hakwenda akamkabili: "Una ushahidi gani? Umeleta maji." Akamjibu kwa neno moja: "Nenda." Nami pale mlangoni niliwaza kwamba hilo ndilo jibu ambalo Krapf hakuweza kumpa Cooley.

Lakini je, jibu hilo litafaa hadi lini? Hapa ndipo linapokuja jambo linaloninyima usingizi. Theluji mpya tuliyoikanyaga huanguka na kuyeyuka, na huenda itaendelea kuanguka kila masika. Barafu ya kudumu, ile iliyojilundika kwa karne nyingi na kuupa mlima weupe wake wa daima, inakwisha. Mwishoni mwa karne ya 19 palihesabiwa malundo 18 ya barafu hiyo kwenye Mlima Kenya. Leo yaliyobaki hayatimii kumi, na mengine ni mabaka tu. Barafu iliyoitwa Gregory imetoweka kabisa. Ile ya Lewis, iliyochunguzwa na wanasayansi kuliko nyingine yoyote katika nchi za joto, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mnamo 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba barafu ya Mlima Kenya yatarajiwa kwisha katika miaka ya 2030, mapema kuliko ile ya Kilimanjaro. Chanzo chake kikuu ni kuongezeka kwa joto la dunia, ambako nchi kama yetu imechangia kiasi kidogo mno.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba barafu ikiisha mito yote itakauka siku hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya maji ya mto Tana na Ewaso Nyiro hutokana na mvua inayohifadhiwa na misitu ya mlimani, wala si na barafu. Kwa hiyo atakaye kuyaokoa maji na aulinde msitu. Na watoto wa mtaa ambao jina lake lenyewe, Kibra, katika lugha ya Wanubi lilimaanisha msitu, wana haki ya kuwakumbusha wengine jambo hilo. Lakini weupe ule ukitoweka, hakuna mche utakaoupanda ukaurudisha.

Fikiri basi, mwalimu mwenzangu. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano, mtoto mwingine wa Kawangware atainua mkono na kusema kwamba Mlima Kenya hauna barafu ya kudumu. Hatakuwa mbishi wala mjinga. Atakuwa amesema kweli, na kitabu ndicho kitakachokuwa kimekosea. Cooley aliyeshindwa katika karne ya 19 atakuwa ameshinda katika karne ya 21, kwa njia ambayo hakuiwazia. Jambo pekee litakalobaki ni kumbukumbu za waliokwenda. Je, tunataka kumbukumbu hizo ziwe za wageni peke yao, kama ilivyokuwa mara ya kwanza?

Kwa sababu hiyo nawasihi wakuu wa shule, wazazi na wenye mamlaka ya kulinda mbuga zetu. Safari moja ya mlimani na ihesabiwe kuwa somo, wala isihesabiwe kuwa starehe. Ada za lango na za malazi kwa shule za mitaa ya mabanda zipunguzwe hadi mwalimu wa kawaida aweze kuzimudu. Mtaala mpya husisitiza kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda. Vyema, tendo lenyewe ni hili.

Nanyi walimu mtakaokwenda, yachukueni makosa yangu yawe faida yenu. Nendeni likizo ya Agosti, msiende Aprili. Ongezeni usiku mmoja wa mazoea hata kama itabidi mfanye harambee ya pili. Vaeni sufu na acheni pamba, kwa maana pamba iliyolowa huvuta joto la mwili. Chukueni miwani ya kuzuia mng'ao wa theluji. Ajirini kiongozi mwenye kibali, na kabla hamjatoka langoni, mwahidini mbele ya watoto kwamba neno lake la kushuka ni la mwisho. Na kitambaa chenye jina la shule kiacheni nyumbani.

Nanyi wanafunzi, hasa mnaofundishwa kila siku kwamba asiyeshika nambari ya kwanza ameshindwa: sisi hatukufika Lenana. Tulipungukiwa na mita mia tatu. Lakini tulikwenda 11 na tukarudi 11, na kila mmoja wetu aliikanyaga theluji ya nchi yake. Yule kijana aliyeugua sasa anasomea uuguzi. Msichana wa Kawangware alirudi mlimani Agosti ya mwaka uliofuata, akafika kileleni, akaniletea chupa nyingine ya maji.

Nimeiweka dawatini mwangu. Mwanafunzi akiniuliza kama theluji ya Mlima Kenya ni ya kweli, humwonyesha chupa hiyo. Akisema kwamba ni maji tu, humwambia afanye haraka.